MWENYE NG'OMBE ANALALA NJAA

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, nami sikushika kalamu hii ili niwapotezee wakati. Nimeishika kwa sababu ya ule mdahalo wetu wa muhula wa pili, uliokuwa na hoja isemayo, "Ufugaji wa kuhamahama umepitwa na wakati." Mnakumbuka jinsi bwalo lilivyojaa hata wengine wakasikilizia madirishani. Mnakumbuka pia kwamba upande wa upinzani, ambao mimi nilikuwa msemaji wake wa tatu, ulibwagwa kwa kura nyingi. Kushindwa si neno. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kuna maneno yaliyosemwa siku hiyo ambayo yalinichoma kama mwiba, na mpaka leo mwiba huo haujatoka. Mwenzangu mmoja wa upande wa pendekezo alisimama akasema, "Hawa watu wana ng'ombe mia moja, halafu kila mwaka wanaomba unga wa serikali. Si wawachinje hao ng'ombe!" Watu wakacheka, wakapiga meza. Mimi nikanyamaza, kwa maana sikuwa na jibu la dakika tatu. Leo mhariri amenipa kurasa kadhaa, basi nitajibu.

Kwetu ni Kajiado, upande wa Bissil. Mwaka 2021 nilipokuwa bado shule ya msingi, babu alikuwa na maksai mmoja mwekundu, mnene, mwenye nundu iliyosimama vizuri. Mfanyabiashara mmoja alipita bomani akatoa shilingi elfu arobaini na tano. Babu akakataa. Akaniambia, "Mjukuu wangu, huyu ni karo yako ya sekondari. Tumngoje aongeze mwili." Basi tukangoja. Mvua ya msimu huo ikakosa kunyesha, na ya msimu uliofuata, na ya msimu mwingine tena. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano mfululizo ilikuwa imetupiga chenga. Ng'ombe wakabaki mbavu tupu. Ndipo babu akaamua kumpeleka maksai wake sokoni. Tulitoka kabla ya jua kuchomoza, na njiani alilala chini mara mbili, tukamwinua kwa kumshika mkia na pembe. Tulipofika, mnunuzi alimtazama, akamgusa nyonga, akasema, "Elfu sita, mzee. Ukikataa, kesho atakuwa mzoga." Babu akachukua. Unajua alifanyia nini pesa hizo? Alinunua nyasi. Karo yangu nzima iligeuka kuwa marobota kumi na matano ya nyasi kavu ili ng'ombe waliobaki wasife wiki ile. Mimi niliingia sekondari kwa basari. Binamu yangu, aliyekuwa mbele yangu kwa vidato viwili na kunishinda kwa hesabu, hakurudi shuleni, na hadi leo anachunga.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa upande wa pendekezo, si kwamba tulikataa kuchinja. Mfugaji wa Kenya huuza ng'ombe wake siku ambayo ng'ombe hana thamani, kwa bei anayoamuliwa na mtu mwingine, mahali ambapo hana nguvu ya kusema la. Hilo ndilo tatizo la nyama yetu, na mengine yote ni matawi yake.

Hebu kwanza tuitazame mali yenyewe. Sensa ya mwaka 2009, iliyohesabu hata mifugo, ilipata ng'ombe zaidi ya milioni 17, kondoo karibu idadi iyo hiyo, mbuzi zaidi ya milioni 27, na ngamia karibu milioni 3. Mwaka huo sisi watu hatukufika milioni 39. Yaani wenye kwato walituzidi! Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya nchi yetu ni kavu au nusu kavu, ardhi ambayo ukiipanda mahindi utavuna majuto. Kinachoota huko kwa hakika ni nyasi na vichaka, na mashine pekee inayoweza kugeuza nyasi na vichaka kuwa chakula cha binadamu ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Isitoshe, tunao ng'ombe wa Borana, ambao viinitete vyao vimesafirishwa hadi Australia kwa sababu wanavumilia jua na kupe na bado wanatoa nyama nzuri. Wageni wanatamani ng'ombe wetu. Sisi wenyewe hapa shuleni tunahesabu vipande viwili na mfupa, tena siku ya Jumatano tu, katika mchuzi ambao nyama ilipita kama mgeni asiyelala. Je, mali iko wapi?

Wakubwa wetu wakiulizwa swali hili, jibu lao huwa ni moja: tujenge kiwanda. Mimi nasema jibu hilo limejaribiwa. Tume ya Nyama ya Kenya iliundwa mwaka 1950, na kiwanda chake kikuu kiko Athi River, si mbali na hapa. Zamani nyama yake ya mkebe ilivuka bahari mpaka Ulaya, na wazee wetu waliitaja kwa fahari. Lakini madeni, usimamizi mbaya na kuchelewa kuwalipa wafugaji viliila tume hiyo kama mchwa alavyo nguzo. Katika miaka ya 1990 mitambo ilinyamaza. Ikafunguliwa tena mwaka 2006 kwa shangwe nyingi. Miaka mitatu tu baadaye, katika ukame wa mwaka 2009, serikali ilipojaribu kununua ng'ombe waliokonda kupitia kwa tume hiyo, ng'ombe walifika Athi River wengi kiasi cha kukizidi kiwanda, na wengine wakafa wakingoja kuchinjwa. Mwaka 2020 tume ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi, ati wanajeshi wataipa nidhamu.

Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba kiwanda ni mdomo, na mdomo hauna kazi kama mkono hauleti kitu. Kule Isiolo kichinjio kikubwa cha kisasa kilianza kujengwa katika miaka ya 2000, na kikapita zaidi ya miaka kumi bila kuchinja hata mbuzi. Ruwaza ya Kenya ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, iliahidi maeneo manne au matano yasiyo na magonjwa ya mifugo ili tuuze nyama nje. Mwaka 2030 huo umeshabisha hodi, wapenzi wasomaji! Tumelishwa nyama ya ulimi muda mrefu mno. Basi tuulize, ni nini kitangulie?

Kwanza kabisa, naweka ugonjwa. Ng'ombe mgonjwa hana soko, na nchi yenye ng'ombe wagonjwa hufungiwa mlango. Mwaka 2000 nchi ya Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka pembe hii ya Afrika kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 2009. Miaka tisa! Mwisho wa mwaka 2006 homa hiyo ilipozuka tena hapa kwetu, kuanzia Garissa, masoko ya mifugo yalifungwa, watu wakafa, na hata Nairobi wateja wakaogopa kuingia buchani. Ugonjwa wa miguu na midomo nao hauui ng'ombe wengi wakubwa, lakini huua biashara, kwa kuwa nchi tajiri hazitaki kabisa nyama mbichi kutoka mahali unapoonekana.

Kuna watakaosema magonjwa haya ni ya Mungu, hatuyawezi. La hasha! Sotoka ya ng'ombe ilipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 iliwafyeka ng'ombe wa babu zetu karibu wote, ikafuatwa na njaa na ndui. Wamaasai hawajazisahau nyakati hizo; waliziita Emutai, yaani maangamizi. Lakini hapa hapa Kenya, huko Muguga, mwanasayansi Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyobadilisha mambo. Chanjo hiyo ikasambazwa, vijana wa wafugaji wakafundishwa kuchanja, na mara ya mwisho ugonjwa huo kuonekana duniani ilikuwa miongoni mwa nyati wa mbuga ya Meru mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia nzima ikatangazwa kuwa huru. Hakuna ugonjwa mwingine wa mnyama ambao binadamu ameshawahi kuufuta kabisa. Tuliweza, na tuliweza kuanzia hapa hapa nyumbani.

Ndiyo maana nilisikitika kuona kilichotokea wakati serikali ilipotangaza kampeni ya kuchanja kuanzia Januari 2025. Lengo lilikuwa ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka ya mbuzi. Badala ya kushangilia, nchi ikajaa uvumi. Ati chanjo ni ya kuwafanya ng'ombe wasizae. Ati ni ya kuwazuia kutoa hewa ili wazungu wapumue vizuri. Hata kwetu wazee walikutana chini ya mti kuulizana kama wafiche ng'ombe. Mimi nasema makosa yalikuwa pande mbili. Sisi tuliosoma tulikubali kuwa kasuku wa uvumi, tukausambaza kwa simu pasi kuuliza. Na wenye mamlaka walitangaza hesabu kabla ya kueleza sababu. Mfugaji hupenda kuulizwa, maana ng'ombe ni wake. Tena wangetueleza ukweli wote: kwamba chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo haidumu, lazima irudiwe baada ya miezi kadhaa, na iwe ya aina ya virusi vilivyopo mahali hapo. Kampeni moja ya mbwembwe kisha kimya ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Kiwanda chetu cha chanjo kiko Embakasi. Kipewe pesa kila mwaka, si wakati wa hotuba tu.

Pili, naweka ukame. Hapa ndipo maksai wa babu alipoanguka. Katika ukame ule wa mwaka 2020 hadi mwanzo wa 2023, Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Si kwamba hatukuonywa. Tangu mwaka 2011 tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, ambayo kila mwezi hutoa taarifa ikisema kaunti hii iko salama, ile iko hatarini. Taarifa zinatoka, lakini nani anamsomea babu yangu? Na hata akisomewa leo kwamba mvua haitakuja, atamuuzia nani ng'ombe wanene hamsini kwa siku moja?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ununuzi wa serikali ungefaa uanze wakati mnyama angali ana nyama, si akiwa amebakisha ngozi na macho. Pesa zile zile za kununua mizoga inayotembea zingenunua ng'ombe wazima, na nyama hiyo ikaliwa mashuleni, hospitalini na kambini. Kuna pia suala la nyasi. Mvua inaponyesha kwetu, nyasi hufika magotini, kisha zinakauka na kupeperushwa na upepo mbele ya macho yetu. Zingekatwa, zikafungwa marobota na kuwekwa ghalani, babu asingenunua nyasi za watu kwa thamani ya maksai. Hili halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Linahitaji panga, ghala na mawazo.

Halafu kuna bima. Wengine watacheka, bima ya ng'ombe! Lakini ilianza Marsabit mwaka 2010, na baadaye serikali ikaipeleka Wajir na Turkana. Namna yake ni hii: hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti iliyo angani hutazama ukijani wa malisho. Ukijani ukishuka chini ya kiwango walichokubaliana, mfugaji hulipwa, ng'ombe awe amekufa au yu hai. Fikiria kama babu angepata shilingi elfu chache za aina hiyo katikati ya mwaka 2022. Angenunua nyasi kwa pesa za bima, naye maksai angebaki kuwa karo.

Tatu, naweka mizani. Naam, mizani! Ukienda dukani kununua sukari robo kilo, muuzaji anapima. Ukienda buchani, nyama inapimwa mpaka gramu. Lakini mnyama mzima mwenye kilo mia tatu anauzwa kwa kukadiria kwa macho! Mnunuzi ni mtu anayeona ng'ombe mia kila siku, na jicho lake limekuwa mizani. Muuzaji ni mzee anayekuja sokoni mara tatu kwa mwaka, akiwa na shida ya karo au ya hospitali iliyoandikwa usoni. Nani atapunjwa? Mwenye macho haambiwi tazama. Ng'ombe aliyechinjwa hutoa nyama kama nusu ya uzito wake, basi mzee akijua kilo na akijua bei ya buchani, atafanya hesabu yake mwenyewe, au mjukuu wake atamfanyia. Nimeona baadhi ya masoko yamewekewa mizani, lakini imefunikwa turubai, na kuku wamelala juu yake. Kuweka mizani pasi kuweka kanuni ya kuitumia ni kazi bure.

Sitaki mseme kwamba nawachukia madalali. Wengi wao ni vijana wa kwetu, na bila wao ng'ombe hawangefika Kiserian wala Dagoretti. Dalali naye ana mizigo yake: kibali cha kusafirisha mifugo, ushuru wa kaunti hii na ule wa kaunti ile, kitu kidogo njiani, na ng'ombe kufia ndani ya lori akiwa amekanyagwa na wenzake. Hasara zote hizo hutolewa kwenye bei ya babu. Kwa hivyo, kupunguza vizuizi visivyo na maana barabarani ni kumwongezea mfugaji bei hata kama hamumpi senti moja mkononi.

Nne, naweka usafi wa machinjio na wa bucha. Hili linatuhusu sote, hata wale ambao hawajawahi kushika kamba ya mbuzi. Mwaka 2019 taarifa ya runinga ilionyesha jinsi nyama katika maduka ya Nairobi ilivyotiwa dawa ya sodiamu metabaisalfaiti ili ionekane nyekundu na mpya hali imechacha. Nchi ikatetemeka wiki mbili, kisha tukasahau kama kawaida yetu. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, ipo. Mkaguzi wa nyama yupo, na mhuri wake hugongwa juu ya mnofu. Hebu wewe uliyetumwa nyama na mama Jumamosi, umewahi kuuangalia mhuri huo? Au unaangalia simu tu mpaka mchinjaji akufungie?

Wafugaji nasi tuna kosa letu hapa. Ng'ombe akiugua tunamdunga dawa za dukani bila daktari, na tukiona hapati nafuu tunamkimbiza sokoni siku ya pili. Dawa ile haijatoka mwilini. Kila dawa ina siku zake za kungojea kabla mnyama hajachinjwa, na zimeandikwa pale pale kwenye chupa. Anayekula nyama ile anakula dawa, na siku akiugua yeye mwenyewe huenda dawa isimfae. Mwalimu wetu wa biolojia ametufundisha habari za vijidudu kuzoea dawa. Kumbe somo lile lilikuwa linazungumzia boma letu!

Tano na mwisho ni ngozi. Mnyama hauzwi nyama peke yake, ila kwetu ngozi haithaminiwi. Tunachoma alama kubwa ubavuni, mahali ambapo ngozi ni pana na nzuri. Mchinjaji naye anachuna kwa haraka, kisu kinatoboa hapa na pale. Ngozi inakauka chini kwenye udongo. Mwishowe inauzwa kwa bei ya kutupa, kisha sisi wanafunzi elfu moja na zaidi tunanunua viatu vyeusi vya plastiki vinavyopasuka kabla ya nusu muhula. Ng'ombe aliyepita mbele ya lango letu akielekea Athi River angeweza kutuvika sote!

Najua upande wa pendekezo bado una hoja. Mtasema, kwa nini tusiige Botswana? Ni hoja nzuri. Botswana ina watu wachache, na tume yao ya nyama, iliyoundwa mwaka 1965, imeuza nyama Ulaya miaka mingi. Walifanikiwa kwa sababu walidhibiti magonjwa kwanza, wakajenga nyua ndefu kutenganisha maeneo, wakahesabu na kutambua kila ng'ombe. Yaani walianza na yale yale niliyoyataja mimi, si na hotuba ya soko la nje. Hata hivyo tume yao nayo imepata misukosuko na hasara, jambo linaloonyesha kwamba kutegemea kiwanda kimoja na mteja mmoja ni hatari kila mahali. Tena nyua zao ndefu ziliwaumiza wanyamapori waliozoea kuhama. Kajiado, ambako pundamilia na ng'ombe hulisha bega kwa bega, hatuwezi kunakili kila kitu.

Mtasema tena, basi wafugaji watulie mahali pamoja. Ndugu yangu, mvua ya kwetu haitulii mahali pamoja. Mwaka huu inanyesha huku, mwaka ujao inanyesha kule. Anayehama anafuata nyasi kwa akili, hajapotea njia. Anayetulia huku ardhi ikigawanywa vipande na kuzungushiwa waya anangoja ng'ombe wake wamalize kipande chao kisha wafe. Nimeona hayo kwa macho yangu upande wa Kitengela, ambako malisho ya zamani sasa ni ploti na mawe ya mipaka.

Lakini nami nakiri, kwa kuwa msema kweli hachukiwi na Mungu. Siku ile ya mwaka 2021, mfanyabiashara alipotoa elfu arobaini na tano, babu angeuza. Alikuwa na sababu ya karo, ndiyo, lakini alikuwa pia na sababu nyingine ambayo sikuitaja bwaloni. Alipenda watu wakipita wamuone maksai yule. Kwetu heshima ya mtu husimama zizini. Babu mwenyewe aliniambia jioni moja, tukiwa tumekaa nje na zizi limebaki nusu tupu: "Mjukuu wangu, nilimngoja ng'ombe anenepe, kumbe jua nalo lilikuwa linamngoja." Tangu siku hiyo, kila mvua ikianza kuchelewa, yeye huuza wawili watatu mapema, na pesa anaziweka. Wazee wenzake walimcheka. Sasa wanakuja kumuuliza amepata bei gani.

Basi wapenzi wasomaji, nihitimishe. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti kazi ya machinjio ya kaunti, masoko ya mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama. Kwa hiyo swali hili si la Nairobi peke yake tena. Mgombea akija kwenu na miwani na kofia ya shanga akiahidi kiwanda kikubwa cha nyama, muulizeni: josho la kijiji linafanya kazi? Daktari wa mifugo ana pikipiki na mafuta? Mizani ya soko inatumika au imelaliwa na kuku? Akijibu hayo matatu, ndipo mumsikilize habari za kiwanda na za Arabuni.

Na sisi tulio shuleni? Tunaosoma kilimo na biolojia, twende nyumbani likizo tukawasomee wazee taarifa za ukame na maandishi ya chupa za dawa. Tunaopenda simu, tuulize kabla ya kusambaza uvumi wa chanjo. Tunaokula tu, na hao ndio wengi, tuangalie mhuri kabla ya kulipa.

Na wewe, mwenzangu uliyesema tuwachinje hao ng'ombe: sikukasirika tena. Jibu langu la dakika tatu sasa ninalo. Tuko tayari kuwauza na kuchinjwa. Tunachoomba ni wachinjwe wakiwa wanene, wakiwa wazima, na wakiwa wamepimwa. Unga wa serikali hatutauomba tena, na huenda hata Jumatano ukapata kipande cha tatu.

Hoja ile ikirudi muhula ujao, niiteni.

Mwanachama,
Kidato cha Tatu.